Safari ya Mlima Hanang kwa Nauli ya Basi

Watu wa Shinyanga, Kahama na Geita mara nyingi hudhani ya kuwa milima ni mali ya watu wa mbali. Wachaga wana Kilimanjaro, Washambaa wana Usambara, nasi tumejaliwa mbuga na mawe. Lakini mabasi ya Mwanza kwenda Arusha yapitayo Shinyanga, Nzega, Igunga na Singida, yakisha kutoka Singida hupita chini kabisa ya mlima wenye kimo cha mita zaidi ya 3,400 juu ya usawa wa bahari. Mlima huo ni Hanang, na mji ulio miguuni pake ni Katesh, katika Mkoa wa Manyara. Abiria wengi huutazama dirishani, husema "Lo!", kisha hulala tena. Leo twataka kueleza jinsi mtu awezavyo kushuka hapo, kuupanda, na kurudi kwake salama; na hasa habari ya kurudi.

Kwanza yafaa tujipime nyumbani, kwani miguu haifundishwi siku ya safari. Yale mawe makubwa ya Usukumani, yaliyopangana kama magunia ya pamba ghalani, ni miongoni mwa miamba ya kale sana katika Afrika. Umri wake wapita miaka milioni 2,500. Zamani yalikuwa chini ya ardhi. Udongo ukachukuliwa na mvua polepole, yakabaki wazi. Mtu akiyapanda na kushuka kila Jumamosi alfajiri kwa muda wa miezi miwili, magoti yake yatazoea. Atazame nyoka na nyuki tu, maana nao wapenda nyufa hizo kama pimbi wazipendavyo.

Vilima vya Geita vyataka hadhari nyingine. Dhahabu ilionekana huko mwaka 1898, zamani za Wadachi. Mgodi mkubwa ukafanya kazi tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966, na mgodi wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Kando ya migodi hiyo wachimbaji wadogo wamechimba maduara yao mahali pengi, na mengine yameachwa bila kufunikwa, yakaota nyasi mdomoni. Basi usifuate kila njia uionayo. Nyingine haziendi kileleni, huishia shimoni. Umwulize mwenyekiti wa kitongoji, na wakati wa masika, ambapo kingo za maduara hulainika na kumeguka, heri ukae nyumbani.

Sasa tushike njia. Mtu wa Geita apitaye Mwanza hana haja tena ya kungoja kivuko pale Busisi, kwani daraja la Kigongo hata Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa mwezi wa Juni 2025. Mtu wa Shinyanga hupanda basi mjini kwake. Baada ya Igunga njia hukata mbuga ya Wembere, iliyo tambarare kama sinia, kisha hupanda Sekenke, mahali palipokuwa na mgodi wa dhahabu tangu siku za Wadachi. Hapo ndipo mtu aanzapo kuona ya kuwa nchi yainuka. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na jambo hili lina faida na hasara. Waweza kuteremshwa Katesh saa nane za usiku, nawe huna mwenyeji. Mwambie kondakta mapema ya kuwa utashuka Katesh, na mkifika Singida mkumbushe tena.

Ukifika, lala. Asubuhi yake nenda ofisi ya misitu, kwani mlima ni hifadhi ya msitu, na hapandi mtu bila kibali. Utafute na kiongozi mwenyeji. Wabarabaig na Wairaqw waliozunguka mlima huo waliuheshimu kabla basi lolote halijapita, na Wabarabaig wanao mahali pao pa ibada huko. Mgeni mwenye adabu huuliza kwanza mahali pa kupita na mahali pa kuacha. Njia itumikayo zaidi ni ile iitwayo Jorodom, ianzayo karibu na mji. Hupita mashambani, ikaingia msituni, ikatoka penye majani na vichaka vifupi, halafu hufuata ukingo mwembamba mpaka kileleni.

Mji wenyewe uko juu yapata mita 1,700, hivyo mpandaji hupanda kiasi kama hicho tena. Kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kama nyuzi 6. Ukiacha Katesh penye nyuzi 20, kileleni huenda ukakuta 10, na upepo juu yake. Tena hewa ni nyembamba. Kupita mita 2,500 watu wengine huumwa kichwa, hutapika, hata akili huchanganyika. Dawa yake ya kwanza ni kushuka, wala si kupumzika papo hapo na kuendelea.

Sisi tulijifunza neno hili kwa aibu. Mara ya kwanza tulikwenda walimu wanne na wanachuo kumi na mmoja. Tulikuwa tumekwisha kukata tiketi za kurudi siku ya pili yake, kwa hiyo hatukukubali kupumzika hata siku moja. Tulishuka basini usiku wa manane, tukaanza kupanda saa mbili asubuhi, kila mtu na chupa moja ya maji, kwani tulidhani hakuna mlima usio na chemchemi. Saa saba tulikuwa juu ya msitu, kwenye ule ukingo. Kila kilele tulichokifikia kilitufunulia kingine mbele yake. Saa nane kijana mmoja akaanza kutapika, kisha akatuuliza kama basi limekwisha kufika. Tulicheka kwanza. Kiongozi wetu, mzee wa makamo, hakucheka. Akasema, "Walimu, mlima hauhami. Huyu ashuke sasa." Wenzake wawili walilia kwa hasira, maana kilele kilionekana. Tulimshusha tukimshika mikono huku na huku, tukafika mashambani gizani, saa mbili za usiku. Alipofika chini akanywa uji, akapata nafuu. Kosa halikuwa lake. Tulikuwa tumeipimia safari yote kwa saa ya basi, na mlima una saa yake.

Mara ya pili tulitenga siku nzima ya kupumzika, tusikate tiketi ya kurudi mpaka tumeshuka. Tulitoka saa kumi za usiku kwa mwanga wa tochi, kila mtu na lita nne za maji, sweta, na viazi vitamu vya kuchemsha. Tulipatana ya kuwa saa sita mchana, popote tulipo, tutageuka. Saa nne na nusu tulikuwa kileleni. Upande wa kaskazini tuliona ziwa Balangida, kingo zake nyeupe kwa magadi, na chini yetu bonde lililobomoka ambalo zamani lilikuwa tundu la moto, kwani Hanang ni volkano iliyozimika. Yule kijana alikuwa pamoja nasi. Hakusema neno, aliketi akala kiazi chake.

Twawaomba pia mfikiri juu ya majira. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyokuwa na miamba dhaifu ililowa maji na kumeguka. Matope, mawe na magogo yakashuka kwa nguvu mpaka Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Wenyeji mtakaokutana nao huko huenda walifiwa siku ile, basi msiwaulize kama watu waulizao hadithi. Na msiende wakati wa mvua. Miezi ya Juni hata Septemba ndiyo ifaayo, ingawa usiku wake ni baridi mno.

Kurudi Shinyanga si kugumu, ila mabasi ya Arusha hayaanzii Katesh, na mara kwa mara hufika yamejaa. Ukikosa nafasi, usining'inie mlangoni. Panda gari dogo mpaka Singida, ulale hapo ikiwa jua limekuchwa, na asubuhi utapata basi la Nzega. Magoti yatauma siku tatu, zaidi katika kushuka ngazi.