Madini ya chuma kwenye uji wa mtoto yaende na chakula cha bakteria

Mtoto akitimiza miezi sita, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imepungua sana, na maziwa ya mama peke yake hayawezi kuifidia. Ndiyo sababu upungufu wa damu huwapata watoto wengi wa umri huo. Tiba iliyoenea ni unga wa virutubishi wenye chuma, unaochanganywa kwenye uji. Unga huo husaidia kweli, ila una kasoro moja, na njia ya kuirekebisha imejaribiwa katika kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya.

Kasoro yenyewe iko hivi. Mwili wa mtoto hufyonza sehemu ndogo tu ya chuma anachokula. Kinachobaki huteremka hadi utumbo mpana, maskani ya mabilioni ya bakteria. Bakteria wazuri aina ya laktobasili karibu hawakihitaji kabisa. Lakini wale wanaoleta maradhi, kama salmonela na aina hatari za E. koli, hukigombania na hustawi wakikipata. Utafiti uliofanyiwa watoto wachanga wa Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba chuma kiliwaongeza bakteria wabaya na kuzidisha dalili za uvimbe ndani ya utumbo.

Watafiti wakageukia pribayotiki, yaani chakula ambacho mwili wetu hauwezi kukisaga lakini bakteria wazuri hukitumia kukua. Maziwa ya mama yamejaa chakula cha namna hii: yana zaidi ya aina 100 za sukari ambazo mtoto hazisagi. Sukari hizo hufika utumbo mpana zikiwa nzima na kuwalisha bifidobakteria, walinzi wakuu wa tumbo la mtoto anayenyonya. Pribayotiki iitwayo galakto-oligosakaraidi, au GOS, hufanya kazi inayofanana na hiyo.

Huko Kwale, watoto 155 wenye umri wa kati ya miezi 6 na 10 waligawanywa katika makundi matatu kwa miezi minne. Kundi la kwanza lilipewa unga wa virutubishi usio na chuma, la pili wenye miligramu 5 za chuma kwa siku, la tatu chuma kilekile pamoja na gramu 7.5 za GOS. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Waliopewa chuma peke yake walipungukiwa na bifidobakteria na laktobasili, huku alama za bakteria wa maradhi zikiongezeka. Waliopewa chuma na GOS walikingwa na madhara hayo kwa kiasi kikubwa.

Inakuwaje? Bifidobakteria wakila pribayotiki huichachusha na kutoa asidi. Utumbo ukiwa na asidi zaidi, bakteria wengi wa maradhi hushindwa kustawi, na chuma chenyewe huyeyuka na kufyonzwa kwa urahisi zaidi.

Kwa watu wazima pia, bakteria hugeuza nyuzinyuzi kuwa asidi za mafuta. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Hatuhitaji kununua vidonge ili kuipata. Maharage, kunde na choroko zina sukari za jamii ya GOS. Vitunguu maji na vitunguu saumu vina inulini. Viazi vilivyochemshwa vikaachwa vipoe vina wanga ambao utumbo mwembamba hauusagi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Ambaye hakuzoea aongeze kidogo kidogo na anywe maji ya kutosha, kwani ongezeko la ghafla hujaza tumbo gesi.

Watoto 155 ni wachache, na majaribio makubwa zaidi yanahitajika. Lakini mwelekeo uko wazi. Mama, usiache kumpa mtoto chuma ulichoelekezwa kliniki, na endelea kumnyonyesha hadi afikishe miaka miwili au zaidi. Nanyi mnaopanga mipango ya lishe, msiishie kuhesabu miligramu za chuma: hakikisheni na bakteria wanaomlinda mtoto wanapata chakula chao.