Simu Inapotaja Ugonjwa

Afya ya akili ni somo ambalo vijana wengi wa Nemba, mkoani Kagera, Tanzania, na wenzao wa Ngara na Biharamulo kwa jumla, hulikuta kwanza kwenye simu. Wazazi wao walikulia redioni. Radio Kwizera ilianza Ngara mwaka 1995, katika wimbi la wakimbizi wa Rwanda na Burundi, na kijiji kizima kilisikia kipindi kimoja. Mtandao wa TikTok hauko hivyo. Mtambo wake huhesabu sekunde alizokaa mtazamaji kwenye video, kisha humletea nyingine za aina hiyohiyo. Aliyetazama video tatu za huzuni usiku ataamka na kumi.

Faida ipo, wala si ndogo. Kijana asiyelala, asiyekula na aliyejitenga na wenzake zamani aliambiwa amerogwa, ana mapepo, au ni mvivu tu. Sasa anajua kuna sonona, na kwamba inatibika.

Tatizo ni kwamba simu hutaja ugonjwa bila kumpima mtu. Mwaka 2022 watafiti wa Kanada walipitia video 100 za TikTok zilizotazamwa sana kuhusu tatizo la kukosa umakini na utulivu, na 52 zilipotosha. Ndivyo huzuni ya siku nne baada ya kufeli mtihani au kuachwa na mpenzi inavyobatizwa sonona. Daktari hutafuta dalili kadhaa zinazodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na huuliza pia kuhusu pombe, dawa na magonjwa mengine.

Kuhusu kujiua, video hazijui mpaka wa nchi, lakini sheria inaujua. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, na Wakenya wanalizungumza jambo hilo waziwazi mitandaoni. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inataja kujaribu kujiua kuwa kosa. Familia nyingi hulificha, na anayehitaji msaada hufichwa pamoja nalo.

Kwa mkazi wa Nemba, pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Akihitaji bingwa, atapewa rufaa, kwa mfano hadi hospitali ya Bugando, Mwanza. Anayemwona kijana wake amebadilika kwa wiki mbili asisubiri video nyingine: ampeleke.