Mlingoti Usiochimbiwa Shimo

Katika mahafali ya shule, kambi za skauti na mikutano ya hadhara, bendera mara nyingi hukumbukwa mwisho. Turubai limeshafungwa, viti vimepangwa, vipaza sauti vinajaribiwa, ndipo mtu anauliza mlingoti utasimama wapi. Uwanja umesakafiwa, au ni wa kukodi na mwenyewe hataki uchimbwe. Hapo kinahitajika kitako cha kuhamishika.

Njia iliyozoeleka ni ndoo ya zege. Katikati ya ndoo ya lita 20 husimamishwa kipande cha bomba la plastiki ambamo mlingoti unaingia bila kulegea, kisha humiminwa zege la saruji kipimo kimoja, mchanga viwili na kokoto vinne. Bomba hupimwa kwa timazi kabla zege halijashika. Baada ya siku saba za kumwagiliwa maji, zege linakuwa gumu vya kutosha, na mlingoti unaweza kuchomekwa na kuchomolewa.

Ndoo hiyo ina uzito wa kilo 45 hivi, na wengi huridhika wakishaona inavyochosha kuibeba. Lakini uzito peke yake hauzuii kitu kupinduka. Ndoo inapoanguka hupindukia ukingo wake wa chini, na kutoka katikati hadi ukingo huo ni kama sentimita 13 tu. Bendera nayo iko mita nne juu. Ukipiga hesabu, msukumo wa kilo moja na nusu kileleni unatosha kuiangusha ndoo nzima. Mtoto anaweza kuivuta kwa kamba ya bendera ikamwangukia.

Dawa ni upana. Mbao mbili za mita moja na nusu hukatwa nusu ya unene katikati, zikapandana na kufanya msalaba. Mahali zinapokutana hufungwa kwa bolti bamba la chuma lililochomelewa bomba fupi lililosimama wima, la kutosha kuumeza mlingoti sentimita 50 au 60. Uzito uleule wa kilo 45 ukikaa juu ya msalaba huo, msukumo unaohitajika kuupindua hupanda hadi karibu kilo sita.

Bora zaidi, zege liachwe kabisa. Madumu manne ya lita 20 yaliyojazwa maji, kila moja likafungwa kwenye ncha ya ubao, yana jumla ya kilo 80, na mlingoti hautaanguka kwa msukumo wa chini ya kilo kumi. Yakiwa matupu, kitako chote ni chepesi kubebwa kwa gari. Kwa shughuli ya siku moja, ni vigumu kuona sababu ya kuhangaika na ndoo.

Ila upepo una hila yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Mwambao wakati wa kusi, mlingoti uliosimama imara asubuhi unaweza kulemewa alasiri. Kwenye udongo zisaidie kamba tatu zilizofungwa theluthi mbili ya urefu wa mlingoti na kutandazwa pande tatu hadi kwenye vigingi, ufundi ambao kila skauti hufunzwa mapema. Vitambaa vyeupe vifungwe kwenye kamba hizo ili watu wasijikwae.

Kamba ya kupandishia ipite kwenye kapi, si kwenye tundu la msumari. Kwa mlingoti wa mita nne inatakiwa kamba ya mita tisa hivi. Bendera ya taifa inapopanda, umati wote umesimama wima, na kamba ikikwama katikati hakuna wa kukwea mlingoti wa namna hii. Kwa hiyo bendera ijaribiwe juu na chini kabla wageni hawajafika, mbali na nyaya za umeme. Radi ikianza kunguruma, mlingoti wa chuma usiguswe, na watu waondoke karibu nao mara moja, hata kama hotuba hazijaisha.