Filimu ao dijitali? Kamera inayomfaa mtu anayependa picha kwa kweli

Katika nyumba nyingi za Bukavu, Uvira, Bunia ao Kindu kuna bahasha moja iliyofichwa chini ya nguo, ndani ya sanduku. Ndani yake muko picha za arusi ya wazazi, za ubatizo, za ndugu aliyekwisha kufa. Pamoja na zile picha muko vipande vidogo vya plastiki ya rangi ya kahawia, ambavyo watoto wa leo hawajui ni kitu gani. Hizo ni negatifu. Na mara nyingi ile arusi ya mwaka wa 1985 bado inaonekana vizuri, lakini picha za ubatizo wa mwaka wa 2019 zimekwenda pamoja na simu iliyoibwa.

Siku hizi vijana wanaojifunza kupiga picha wanasikia kwamba filimu imerudi. Si uongo. Katika mwaka wa 2024 Pentax ilitoa kamera mpya ya filimu, inayoitwa Pentax 17. Kodak huko Marekani na Ilford huko Uingereza wangali wanatengeneza filimu. Basi mtu asiye fundi wa studio, lakini anayetaka kupiga picha kwa kweli, anajiuliza: nikiwa na pesa ya kamera moja tu, ninunue gani?

Kila moja inafanya kazi namna gani?

Lenzi haina tofauti kubwa. Kamera zote mbili zinaingiza mwangaza kupitia kioo, na mtu anapima mwangaza huo kwa mambo mawili: ukubwa wa tundu la lenzi, na muda ambao tundu linabaki wazi. Tofauti iko nyuma ya lenzi.

Filimu ni plastiki iliyopakwa chembe za chumvi ya madini ya fedha. Mwangaza ukizigusa, chembe zinabadilika, lakini jicho haliwezi kuona kitu mpaka filimu isafishwe kwa dawa ndani ya giza. Filimu ya kawaida ya milimita 35 inatoa picha 36. Ukifungua kamera mbele ya kurudisha filimu ndani ya kopo lake, mwangaza unaingia na picha zinaungua.

Kamera ya dijitali iko na kipande cha elektroniki chenye mamilioni ya vidoa vinavyopokea mwangaza na kuugeuza kuwa hesabu. Ya kwanza ilitengenezwa na injinia Steven Sasson katika kampuni ya Kodak yenyewe, mwaka wa 1975. Picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, yenye vidoa 10 000 tu, na kuiandika kwenye kaseti kulichukua sekunde 23. Kodak iliendelea kutegemea biashara ya filimu, na Januari 2012 ikaomba ulinzi wa tribinali juu ya kufilisika. Leo kamera ya kawaida ya mwanafunzi iko na vidoa milioni 24.

Kujifunza: nani mwalimu mzuri?

Watu wa filimu wanasema kwamba filimu inafundisha subira. Iko ukweli ndani yake. Mwenye picha 36 tu hapigi ovyo. Anatazama kwanza mwangaza unatoka upande gani, anangoja mtoto atulie, anaondoa ndoo iliyo nyuma ya bibi-arusi, kisha anabonyeza mara moja.

Lakini filimu ni mwalimu anayerudisha mitihani nyuma ya wiki mbili. Kama ulikosea mwangaza siku ya jumamosi, utalijua kosa siku filimu itakaposafishwa, na pengine umekwisha kusahau ulifanya nini. Dijitali inakuonyesha palepale. Unapiga, unaona uso umekuwa mweusi, unafungua tundu zaidi, unapiga tena. Pia inaandika ndani ya kila picha tundu lilikuwa namna gani na muda ulikuwa wa sekunde ngapi. Kwa anayeanza bila fundi karibu naye, hiyo ni faida kubwa sana.

Gharama si kamera tu

Kamera ya zamani ya filimu inaweza kupatikana kwa bei ndogo, wakati mwingine bure, kutoka kwa mjomba aliyekuwa na studio. Udanganyifu uko hapo. Arusi yenye picha 300 inaomba filimu 9. Kila filimu inunuliwe, isafishwe, kisha picha zitolewe kwenye karatasi. Labo za filimu ya rangi zimefungwa karibu kila mahali, na kutuma filimu mbali ni bei nyingine na hatari nyingine: mashine mpya za kuchunguza mizigo kwenye viwanja vya ndege zinaweza kuharibu filimu ambayo haijasafishwa.

Filimu ya nyeusi na nyeupe mtu anaweza kuisafisha nyumbani, kwa dawa yenye joto la digri 20 hivi. Katika Goma na Bukavu, miji iliyo karibu mita 1 500 juu ya bahari, si vigumu kupata joto hilo. Kalemie ao Kindu, sharti mtu apoze dawa kwanza. Filimu ya rangi ni kali zaidi: dawa yake inataka digri 38 hivi, na ikipanda ao kushuka kidogo, rangi zinageuka. Tena joto linaharibu hata filimu ambayo haijatumiwa, kwa hiyo isiwekwe ndani ya gari ao chini ya mabati.

Dijitali inaomba pesa nyingi mwanzoni, kisha kidogo. Kadi ya gigabaiti 32 inaweza kubeba karibu picha 1 000 za ubora wa juu. Lakini inaomba umeme kila siku, na vumbi likiingia wakati wa kubadilisha lenzi, doa linabaki kwenye kila picha mpaka lisafishwe. Ndani ya kamera ya filimu, kila picha inapata uso mpya.

Jua letu na ngozi yetu

Saa sita mchana, karibu na ikweta, jua liko juu ya kichwa. Macho yanakuwa mashimo meusi na shati jeupe linawaka. Hapa filimu ya negatifu iko na nguvu yake: mwangaza ukizidi, bado kanzu ya bibi-arusi inabaki na mikunjo yake. Kwa dijitali, sehemu iliyowaka kabisa imepotea. Hakuna programu itakayoirudisha. Lakini sehemu iliyo na giza, dijitali inaweza kuiinua vizuri kuliko filimu. Ndiyo maana wapiga picha wanafundishana hivi: kwa negatifu, ogopa giza, kwa dijitali, ogopa mwangaza unaozidi.

Iko jambo lingine ambalo wazee wa studio wanalijua. Kwa miaka mingi labo zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Filimu ya rangi ilitengenezwa kwa kufikiria ngozi ile, na watu weusi walitoka bila sura, hasa wakisimama pamoja na weupe. Mabadiliko yalikuja polepole, na ni katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilitoa kadi zenye watu wa ngozi mbalimbali.

Dijitali nayo haikupona kabisa. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe, inataka kugeuza kila kitu kuwa rangi ya kati. Mbele ya ukuta mweupe inaufanya uso uwe na giza. Mbele ya ukuta mweusi inaufanya uso upauke. Dawa ni moja: pima mwangaza kwenye uso wenyewe, si kwenye ukuta. Na saa sita, mwite mtu aingie chini ya baraza.

Picha itakaa wapi?

Hapa ndipo swali lenyewe liko. Jean Depara alipiga kwa filimu maisha ya usiku ya Kinshasa katika miaka ya 1950 na 1960. Alikufa mwaka wa 1997. Katika mwaka wa 2015, miaka 18 nyuma ya kifo chake, picha zake zilionyeshwa Paris katika Fondation Cartier. Negatifu haiombi betri wala neno la siri. Ikikaa pakavu, inangoja.

Lakini iko moja tu. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya Goma, bahasha iliyobaki ndani ya nyumba iliungua pamoja na nyumba. Dijitali ni kinyume: ukiiacha bila kuiangalia inakufa haraka, lakini nakala yake ni sawa kabisa na ya kwanza, na inaweza kuwa katika miji mitatu kwa siku moja. Kwa watu waliokwisha kukimbia vita ao moto wakiwa na mfuko mmoja, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja mbali na nyumba, kwa ndugu wa mji mwingine ao kwenye intaneti. Na picha 20 nzuri za kila mwaka zitolewe kwenye karatasi.

Achague gani basi?

Kwa mtu mwenye pesa ya kamera moja, jibu ni dijitali, hata ya mtumba, yenye kumruhusu kupima mwangaza mwenyewe. Lakini aishike kama ya filimu: siku moja kwa wiki ajiwekee mpaka wa picha 36, asitazame skrini mpaka arudi nyumbani. Filimu ya nyeusi na nyeupe inaweza kuja kisha, kwa furaha ya mikono na giza.

Na ile bahasha ya sandukuni isitupwe. Weka negatifu juu ya kioo kisafi, kilichoinuliwa sentimita chache juu ya skrini nyeupe ya simu, zima taa, piga picha kwa karibu, kisha geuza rangi kwa programu. Sura ya bibi, iliyofifia kwenye karatasi, inaweza kutokea tena wazi. Fanya hivyo wakati wazee wangali wako, maana majina ya waliosimama nyuma ya bibi yako vichwani mwao, hayako kwenye filimu wala kwenye kadi.