Safari Yetu ya Julai

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, Wakatoliki wa Kenya nzima huja kwetu Subukia, kwenye madhabahu ya Bikira Maria yaliyo mlimani, kusali na kuteka maji ya chemchemi. Siku hiyo sisi ni wenyeji. Tunachemsha chai, tunachoma mahindi kando ya barabara, tunawaonyesha wageni njia. Lakini mwaka una safari nyingine, na hiyo ni yetu sisi wenyewe. Huja kwenye baridi ya mwanzo wa Julai, ukungu ukilala bondeni hadi saa nne asubuhi. Tunapanda mlima wa Bahati, tunapita Maili Kumi na Maili Sita, tunaingia Nakuru kwenye maonyesho ya kilimo. Kijijini hakuna anayetumia jina hilo refu. Ni shoo tu.

Maandalizi huanza mwezi mzima kabla. Akina mama kwenye chama huweka kando pesa ya shoo: nauli, ada ya langoni, na kiasi cha kununulia kitu cha kurudi nacho, kwa maana kurudi mikono mitupu ni kuwanyima walioachwa. Usiku wa kuamkia safari moto hauzimwi. Chapati zinapikwa, viazi vitamu vinachemshwa, chai ya maziwa inatiwa kwenye thamosi. Chakula cha kununua kipo kule uwanjani, nyama choma na viazi karai na soda, ila familia ya watu sita ikinunua kila inachokula, pesa ya miche imekwisha kabla ya saa sita. Kisha kuna suala la nani atabaki nyumbani. Ng'ombe hajui kama kuna shoo, shosho, yaani nyanya yangu, alikuwa akisema, na lazima akamuliwe. Kwa hiyo kubaki huenda kwa zamu. Aliyebaki mwaka jana hana budi kwenda mwaka huu, hata kama ndiye mdogo kuliko wote. Nimeona familia zikikosana kwa sababu ya mashamba na mahari, lakini sijawahi kuona mtu akinyang'anywa zamu yake ya shoo.

Safari hii nimeirithi kwa guka, babu yangu. Yeye alifika shoo mara ya kwanza akiwa nyuma ya lori, pamoja na ng'ombe. Bonde letu lilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi, naye alikuwa mchungaji katika shamba mojawapo. Chama cha Kilimo cha Kenya, waandaaji wa shoo, hiki tunachokiita ASK, kilikuwa cha walowezi hao: kilianzishwa mwaka 1901, na mwaka uliofuata kikafanya maonyesho yake ya kwanza Nairobi. Wakati wa guka, mchungaji alilala zizini kule uwanjani kwa siku zote za maonyesho. Alimwogesha ng'ombe kwa sabuni, akamchana mkia, akamsugua kwato, kisha akamwongoza mbele ya majaji. Ng'ombe aliposhinda, utepe ulifungwa kichwani pa ng'ombe na jina la mwenye shamba likasomwa. Guka hakulalamika alipotusimulia haya. Alikuwa akituonyesha jinsi ya kushika kamba: mkono wa kulia karibu na kidevu, kichwa cha mnyama kiinuliwe kidogo, na wewe utembee ukimtazama jaji, usimtazame ng'ombe.

Baada ya uhuru mashamba yale yaligawanywa, mengine kwa mipango ya makazi ya serikali, mengine kwa watu waliochanga hisa wakanunua. Guka alipata ekari zake chache na ng'ombe mmoja chotara wa Ayrshire. Tangu hapo alikwenda shoo kila mwaka kama mgeni aliyelipa langoni, na kila mwaka miguu yake ilimpeleka mazizini kwanza. Ndiyo maana hata leo ukoo wetu huanzia hapo.

Kama hujawahi kusimama kando ya uwanja wa majaji wa ng'ombe, sina hakika nitakueleza vya kutosha. Wanyama huingia kwa mstari, Friesian weusi kwa weupe, Ayrshire wekundu wenye mabaka, Jersey wadogo wenye macho makubwa. Siku nyingine ni zamu ya Sahiwal na Boran, fahali wenye nundu zinazotikisika. Waongozaji wamevaa makoti meupe. Jaji hasemi neno. Anatazama miguu ya nyuma, anapapasa kiwele, anarudi nyuma hatua kumi, anaagiza wazungushwe tena. Halafu anaanza kuwapanga upya: huyu wa tatu aje wa kwanza, yule wa kwanza arudi wa nne. Hapo ndipo wazee wa Subukia waliojikunja kwenye makoti yao huanza kunong'ona. Kila mmoja ameshapanga mstari wake kichwani. Guka alinifundisha kutazama kiwele kabla ya rangi, na kutazama ng'ombe akitembea kabla ya kumsifu akiwa amesimama. Nilikuwa na miaka tisa. Sijapata somo la shule lililonikaa hivyo.

Kutoka mazizini tunakwenda kwenye vishamba. Kampuni za mbegu, taasisi za utafiti, Chuo Kikuu cha Egerton kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo pale Njoro, kila moja huwa na kipande chake kilichopandwa mapema ili Julai kiwe kimeiva kwa macho ya watu. Huko shambani kwetu mahindi ndiyo kwanza yanatoa maua. Pale yamejaa gunzi. Wanaolima kahawa humtafuta mtu wa Batian, aina iliyotolewa mwaka 2010 ili ihimili chulebuni na kutu ya majani. Wenye viazi huuliza habari za mbegu safi, kwa sababu mnyauko umewamaliza.

Na kuuliza kwenyewe kuna adabu yake, ambayo naiona ni mila kamili ingawa hakuna aliyeiandika. Mzee wetu haulizi juu ya shamba lake. Huuliza juu ya jirani.

"Kijana wangu, nina jirani, mahindi yake yanageuka manjano kuanzia majani ya chini. Amekosea wapi?"

"Mzee, huyo jirani aliweka mbolea ya kukuzia?"

"Hakuweka. Bei ilikuwa imepanda."

"Basi mwambie mmea umekosa naitrojeni, unaila ile ya majani ya zamani ili kulisha machanga. Kama bado hayajatoa maua, aweke hata kidogo, mvua ikinyesha."

"Nitamfikishia."

Familia nzima husikiliza kimya, na hakuna mtoto anayethubutu kuuliza ni jirani gani. Vijana wa vibandani wanaoielewa adabu hii hujibu kwa kumheshimu huyo jirani asiyekuwepo. Wasioielewa humwambia mzee, "Kumbe ni wewe," naye huondoka, na kile alichokuja kukijua hakipati. Mwaka 2017, viwavijeshi vamizi kutoka Amerika walipoingia Kenya, kila mzee aliyefika pale alikuwa na jirani aliyeliwa mahindi. Mmoja aliuliza, wa pili akauliza, kisha mama mmoja akasema kwa sauti, "Hata mimi wameniingilia," na watu wakaanza kupeana maarifa wao kwa wao, nani ametia majivu kwenye kilele cha mmea, nani amewaokota kwa mkono alfajiri. Mtaalamu aliachwa akiandika. Saa ile shoo ilifanya kazi yake kuliko wakati mwingine wowote niliowahi kuona.

Uwanja mkubwa wenyewe sina mengi ya kuusema. Bendi hupiga, watoto wa shule hucheza ngoma, viongozi huhutubia, na watoto wetu hawawezi kuukosa.

Jioni ya kurudi, aliyebaki nyumbani hupewa ripoti. Hiyo nayo ni lazima. Unaketi jikoni, unapewa chai, unaeleza ulichokiona kwa mpangilio: ng'ombe gani alishinda na kama alistahili, mbegu gani ni mpya, mstari hadi mstari ni sentimita 75, shimo hadi shimo 25. Kipya hakipewi shamba zima. Hupandwa mistari miwili karibu na jiko, kinatazamwa msimu mmoja, wakati mwingine miwili. Wataalamu hutulaumu kwa uzito huu. Mimi nauona ni busara ya watu ambao shamba likikosa hawana mshahara wa kuwashika mkono.

Katika boma nyingi za kwetu utakuta mti wa shoo, yaani mti ulioletwa kama mche kutoka Nakuru, na watu huutumia kuhesabu miaka. Fulani alizaliwa mwaka wa ule mparachichi. Wetu una aibu yake. Nilinunua miche mitano kwa muuzaji aliyesimama nje ya lango, akiapa kuwa ni Hass iliyopachikwa, itazaa mwaka wa tatu. Mwaka wa tano hakukuwa na hata ua. Ilikuwa imeoteshwa kwa kokwa tu. Siku hizi kila mtu wa kijiji chetu hupitisha kidole kwenye shina la mche kutafuta kovu la kupachikwa kabla ya kutoa pesa, nami ndiye niliyewafundisha.

Kinachoniuma ni kwamba njia ya kufika vishambani inazidi kuwa ndefu. Tangu Nakuru ifanywe jiji Desemba 2021 naona kama vipaza sauti vimeongezeka, na kati ya lango na mahindi kuna viti vya sebuleni, simu, mikopo ya magari na nguo. Wafanyabiashara nao wanatafuta riziki, na ada zao huenda ndizo zinazouweka uwanja hai. Lakini mzee aliyetoka Subukia saa kumi na moja alfajiri hapaswi kupita saa nzima ya makelele kabla hajaona jani. Waandaaji wayaweke mazizi na vishamba karibu na lango.

Nasi tuna deni letu. Kwa miaka yote hii kijiji chetu kimekwenda shoo kutazama. Kundi moja tu la akina mama liliwahi kupeleka kabichi, viazi vitamu na asali, likapata cheti cha nafasi ya pili, na cheti hicho kimening'inia kanisani hadi karatasi ikawa manjano. Ng'ombe hatujawahi kupeleka hata mmoja. Tunao. Nawajua angalau watatu, mmoja wa Ayrshire mwenye kiwele ambacho guka angekaa kimya akikitazama. Gharama ya lori ni kubwa kwa mtu mmoja, si kubwa kwa wauza maziwa wote wa bonde wakichanga. Kazi ya kumfundisha mtamba kutembea kwa kamba ianze Januari. Kamba naweza kuwaonyesha jinsi ya kuishika. Julai ijayo mtoto wa Subukia aingie uwanjani na ng'ombe wa kwao, na jina litakalosomwa liwe la kwao.