Pikiniki ya Tedi: Tulinde Mchango wa Watoto

Tuseme tuko wazazi 10. Tunapeleka watoto wetu wa miaka miwili Arboretum, Nairobi, kila mtoto na tedi wake. Tukichanga 300 kila mmoja, tuna 3,000 ya ndizi, mandazi, maji na leso za kukalia. Njugu na bisi tuziache, zinaweza kuwakaba watoto.

Sasa mweka hazina anapata SMS: “Nimetuma mara mbili kimakosa, nirudishie 300.” Usiharakishe! Angalia salio kwanza, maana SMS ni rahisi kughushi. Kama ni kweli pesa imeingia, mwambie aliyetuma apigie huduma kwa wateja irudishwe.

Ukilipia mandazi, soma jina la muuzaji kabla ya kuweka PIN. Kikibaki kitu, tangaza kwenye grupu. Tedi hawaulizi maswali, wazazi wanauliza.