Prosesere imenasa ku radiatere? Usivute!

Mafundi wa ordinatere wanaijua ile sauti: "pwa!", sawa kifuniko cha sufuria kilichokuwa kimenasa. Mashini imefunguliwa ili kutoa vumbi tu. Visi zimetoka, mkono umeshika radiatere na kuivuta juu, nayo inakuja. Lakini haikuja peke yake. Chini yake kumebandikana kipande cha mraba, sentimita 4 kwa 4, chenye vimiguu vya rangi ya dhahabu zaidi ya elfu moja. Ni prosesere, ubongo wa mashini. Imeng'oka mu soketi yake, na soketi yenyewe ingali imefungwa.

Katika miji yetu jambo hilo si la mchezo. Mashini nyingi zinazofanya kazi katika sekretaria za barabarani, katika mashule na katika vyumba vya intaneti ni za okazio: zilitumika miaka mingi Ulaya ama Dubai mbele ya kufika kwetu. Kijana anayeandikia watu barua na kutoa fotokopi anakula kwa mashini moja. Prosesere ikikufa, kodi ya nyumba na minervali ya watoto vinaingia matatani. Na lenye kuuma zaidi ni hili: mara nyingi prosesere ile haikuwa na ugonjwa wowote. Mashini iliingia kwa fundi ikiwaka vizuri, mikono njo iliiua.

Juu ya nini inanasa

Kati ya prosesere na radiatere kunapakwa pati termike, ile dawa laini, nyeupe ama ya kijivu, inayopitisha moto kutoka kwa prosesere kwenda kwa chuma cha radiatere. Ikiwa mpya inateleza sawa siagi. Lakini kila siku inapata moto na kupoa, inapata moto na kupoa, na miaka ikipita inakauka na kuwa sawa udongo wa tofali. Mashini iliyojaa vumbi, ambayo ventilatere yake inazunguka kwa shida, inapata moto zaidi, na pati inakauka mbio zaidi. Wasomaji wa Lubumbashi wanaojua vumbi jekundu la kiangazi hawahitaji maelezo mengine.

Kuna sababu ya pili, ambayo wengi hawaifikirie. Hata pati ambayo haijakauka kabisa inashika, kwa sababu hakuna hewa katikati. Chukua vioo viwili, tia maji kidogo katikati yake, vibandike. Sasa jaribu kuviachanisha kwa kuvuta: havitoki. Visukume kwa upande: vinateleza bila nguvu. Ukielewa jambo hilo la vioo, umeelewa sehemu kubwa ya kazi hii. Prosesere iliyonasa haivutwe. Inapashwa moto, kisha inateleza kwa upande.

Si prosesere zote zinazong'oka hivi. Zile za Intel za ordinatere za mezani, tangu soketi LGA 775 ilipokuja mwaka 2004, hazina vimiguu. Vimiguu viko ndani ya soketi, na juu ya prosesere kunafungwa fremu ya chuma. Ukivuta radiatere, fremu inazuia prosesere kutoka. Taabu iko kwa Pentium 4 za kale, zile za vimiguu 478, na zaidi kwa AMD za soketi AM2, AM3 na AM4. Hii AM4, iliyopata jina na prosesere za Ryzen mwaka 2017, iko na matundu 1331 na haina fremu yoyote juu. Kinachoshika prosesere ni kale kamukono ka chuma ka pembeni, kanakobana vimiguu tu. Pati iliyokauka ikishika kupita soketi, unajua nani atashinda. AMD yenyewe ilibadilisha mambo kwa AM5, mwaka 2022: vimiguu vikahamia ku karte mere na fremu ikawekwa. Lakini ni AM5 ngapi ziko juu ya meza za mafundi wetu? Tutaziona siku zitakapoanza kufika za okazio.

Mbele ya kuifungua

Ikiwa mashini ingali inawaka, iache ifanye kazi ngumu kwa dakika 10 ama 15: mchezo wenye picha nzito, ama kubana mafaili makubwa. Nia ni kuipatia radiatere moto ili pati ilainike. Zima mashini kwa njia ya kawaida, chomoa waya wa kuran, kisha finya buto ya kuwashia kwa sekunde chache ili kuran iliyobaki ndani iishe. Gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu, juu ya kuondoa umeme wa mwilini. Chomoa waya wa ventilatere ku karte mere. Wengi wanausahau na kuukata.

Legeza visi kidogo kidogo, moja na ile inayoikabili, usimalize moja nzima na kwenda kwa nyingine. Radiatere nyingine hazina visi ila kulabu. Hizo unafungua kulabu tu. Sasa shika radiatere kwa vidole na uizungushe kidogo sana kushoto, kidogo kuume, tena kushoto, sawa mtu anayefungua chupa asiyetaka kelele. Usiinyanyue. Usiilaze upande kama unayeng'oa jino. Kuna wakati utasikia mkononi kwamba imeanza kuteleza. Hapo njo unaweza kuiinua, kuanzia upande mmoja.

Na mashini isiyowaka, ama siku kuran imekatika? Fundi mwenye seshwari, ile ya kukausha nywele, anapuliza radiatere dakika mbili tatu, mradi apate kuran ya jenereta. Asiye na seshwari anaweza kuegemeza kwenye radiatere chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kupanguzwa nje ikauke kabisa. Moto unaotafutwa ni ule wa kikombe cha chai ambacho mkono unaweza kushika, si zaidi. Usilete kibiriti, usilete mshumaa, usilete chuma cha kupigia pasi.

Imekwisha kung'oka, sasa nini?

Kwanza, simama. Madhara makubwa yanafanyika katika dakika tano za kupaniki. Laza radiatere juu ya meza, chuma chini, vimiguu vya prosesere vikitazama juu. Usilaze kamwe kitu chochote juu ya vimiguu hivyo. Wala usijaribu kuirudisha prosesere mu soketi ikiwa ingali imenasa, ukisema utaibana na kuvuta tena: huoni matundu, na radiatere inazuia kale kamukono.

Angalia kwa makini kuna tabaka ngapi. Chini kabisa, radiatere. Juu yake, kifuniko cha chuma cha prosesere. Juu ya kifuniko, kile kibao chembamba cha kijani chenye vimiguu. Nafasi ya kufanya kazi iko kati ya radiatere na kifuniko, pale penye pati. Mtu anayeingiza kisu ama turnevisi kati ya kifuniko na kibao cha kijani anang'oa kifuniko chenyewe, na ndani yake kuna kipande cha silisiamu kinachovunjika sawa kioo. Hapo hakuna fundi wa kukutengenezea.

Pasha radiatere moto tena. Kisha chukua uzi wa meno, ama nailoni nyembamba ya wavuvi, uingize kwenye kona, pale pati inapoonekana, na uvute huku na huku sawa msumeno, polepole, mpaka utokee upande wa pili. Kazi inaweza kuchukua dakika kumi. Matone ya alkoli izopropili kando ya pati yanasaidia. Uyape nafasi ya kupenya mbele ya kuendelea. Kadi nyembamba ya plastiki, ile inayobaki ukitoa laini ya simu, inafaa pia kwa kusukuma. Lakini usitumie karte yako ya kura, juu utaitafuta siku ya kupita barieri. Uzi ukiisha kulegeza, shika kibao kwa kingo zake mbili na uzungushe. Prosesere itateleza.

Turnevisi, kisu, wembe: hapana. Esanse ya gari pia hapana, ingawa bamoja banaisifu. Inaacha mafuta, na mvuke wake unashika moto.

Kimiguu kimoja ama viwili vikiwa vimepinda, si mwisho. Kalamu ya risasi ya kubonyeza, ile ya 0,7, ikitolewa risasi, ncha yake inaingia juu ya kimiguu na kukinyoosha bila kukivunja. Nenda kwa mstari mzima ukiangalia kwa upande, sawa mwashi anavyoangalia tofali zake. Usinyooshe mara mbili tatu huku na huku; dhahabu ile ni ngozi tu, na chuma cha ndani kinachoka. Ukirudisha prosesere, fungua kwanza kamukono, linganisha kile kipembe cha dhahabu cha kona na alama ya soketi, na uiachilie. Inapaswa kuingia kwa uzito wake mwenyewe. Ikikataa, itoe na uangalie tena, kidole kisisukume.

Mbele ya kufunga, panguza pati ya kale yote kwa alkoli na kitambaa kisichotoa nyuzi. Pati mpya: punje moja ya kunde katikati, basi. Wengine wanatumia dawa ya meno. Inapoza kweli, siku chache, kisha inakauka na mashini inarudi kwa fundi. Ujihadhari pia sokoni, kuna mirija inayofanana kabisa na ya pati, kumbe ndani ni koli ya kubandika radiatere ndogo daima. Uliza muuzaji, na usome karatasi. Aliyepaka koli hiyo juu ya prosesere amefunga ndoa isiyo na talaka.

Limebaki jambo la pesa. Ugomvi kati ya mteja na fundi unaanza hivi karibu kila mara: "Papa, hii ilikuwa imekufa tangu mbele." "Fundi, minakuletea mashini inawaka!" Na hakuna shahidi. Mafundi wenye akili wanawasha mashini mbele ya mteja kabla ya kugusa visi, wanamwonesha kwamba inafika mpaka ku ekra, na wanamwambia waziwazi ikiwa ni AMD ya vimiguu na kwamba pati yaonekana ya kale. Mteja naye ana haki ya kuomba kukaa pale radiatere inapotoka. Fundi akikataa kuipasha moto kwanza, akisema yeye amezoea kuvuta, mama ama papa mwenye mashini aifunge na kuipeleka penye seshwari.

Na kimiguu kikivunjika kabisa? Usitupe prosesere mara moja. Vimiguu vingi ni vya kuran na vya masi, vinavyofanya kazi moja kwa pamoja, na kukosa kimoja cha hivyo mara nyingine mashini haisikie kitu. Vingine ni vya memoari, na hapo barete moja ya ram haionekani tena. Irudishe, iwashe, uhesabu ram zako.